Bampa Lililobonyea

Tukuyu palikuwa na mtu, jina lake Lwitiko, aliyekuwa na gari moja kuukuu na mdogo wake mmoja. Gari lilikuwapo nyumbani. Mdogo wake, Ambokile, hakuwapo tena, na sababu ilikuwa hilo gari.

Ilitokea hivi. Mke wa jirani alishikwa na uchungu wa kuzaa mvua ikinyesha, na Ambokile akachukua ufunguo bila kuuliza ili ampeleke hospitali. Akirudi nyuma kwa haraka, aligonga nguzo ya lango. Bampa la nyuma, la chuma, likabonyea upande wa kulia. Bodi ya gari haikuguswa, na mama yule alijifungua salama. Lakini Lwitiko aliliona bampa tu. Mbele ya watu waliokuja kutoa hongera, alimwambia mdogo wake kwamba mikono yake haifai kushika mali ya mtu. Kesho yake Ambokile alipanda lori la kwenda Mpanda.

Miaka ikapita. Hasira ya Lwitiko iliisha mapema, kama ziishavyo hasira nyingi za watu wenye maneno makali, na ikabaki hamu. Alimkosa ndugu yake wakati wa kula, alimkosa shambani wakati wa kuchuma chai, alimkosa hata katika kubishana. Kila alipoliona lile bonde kwenye bampa moyo ulimwuma, hata akawa anaosha gari mbele na kuiacha nyuma na vumbi lake.

Zama hizo simu zilikuwa za maofisini. Siku moja dereva wa lori akamletea ujumbe wa mdomo: Ambokile atapita Tukuyu Jumamosi ijayo kwa basi, akielekea Kyela. Akiliona lile gari stendi, atajua kwamba anapokewa, naye atashusha mzigo wake. Asipoliona, ataendelea na safari na hatamsumbua mtu tena.

Lwitiko alilia, mtu mzima yule, mbele ya dereva wa watu. Kisha akaanza kuwaza kama wawazavyo wenye aibu. Ndugu yake akilikuta lile bonde, si atayakumbuka yale maneno? Akaamua bampa libadilishwe.

La chuma la gari la namna ile halikupatikana tena, hata kwa wauza vyuma chakavu. Fundi wa bodi alikuwa tayari kuligonga lile lile linyooke, ila alama ingebaki. Fundi wa faiba, ile plastiki ngumu ya nyuzi, alimwonyesha kazi zake, nyepesi, laini, zinazong'aa. Alimweleza kwamba kalibu, yaani umbo la kufinyangia, huchukuliwa kwenye bampa lenyewe, na kalibu huchukua kila kitu, bonde nalo; kwa hiyo ingebidi kulijaza kwanza puti, ule udongo wa mafundi wa kuzibia mabonde. Akamwonya pia kwamba faiba ni ya kupendeza macho, ikigongwa hupasuka. Lwitiko alisema ajaze puti. Alitaka gari lisilo na kumbukumbu yoyote.

Jumamosi ilipofika, gari liling'aa kama sahani ya wageni. Siku zote Lwitiko alikuwa akiegesha langoni mwa stendi, katikati ya mikokoteni ya wapagazi. Siku hiyo aliiogopa mikokoteni. Akaegesha mbali, kwenye ukuta wa mashine ya kusaga, akabaki ndani ya gari, na kila aliyetaka kuegemea alimpigia honi. Basi likaingia. Moyo ulimwambia ashuke aende, bampa likamwambia akae.

Abiria walishuka. Mwanamume mmoja mwenye mvi, begi begani, alipita akiyatazama magari kwa nyuma, moja baada ya jingine. Alifika hata penye mashine. Akalitazama lile gari linalong'aa, akainama kidogo upande wa kulia, akasimama hapo kitambo, kisha akageuka akaenda zake. Lwitiko alimwona kwenye kioo. Kitu kilimshtua moyoni, lakini yeye alikuwa akimngoja kijana mwenye nywele nyeusi.

Basi lilipoondoka, alikwenda kwa mkata tiketi kuuliza kama kuna mtu aliyeshuka akimtafuta.

"Alikuwapo mmoja, baba. Alizunguka akitafuta gari lililobonyea nyuma, nami nikamwambia gari la hivyo hapa halipo."

Lwitiko alikwenda moja kwa moja kwa fundi wa faiba, akalikuta bampa la zamani limetupwa nyuma ya kibanda, puti ikiwa bado imelijaza. Akaketi chini na nguo zake za kupokelea mgeni, akaibandua puti kwa bisibisi na kwa kucha mpaka bonde likaonekana tena, kisha akalirudisha bampa lile kwenye gari. Sasa kila Jumamosi gari lile huegeshwa langoni mwa stendi, katikati ya mikokoteni, nyuma yake ikielekea mabasi yanapoingilia. Wapagazi huliegemea, na mwenyewe huwaacha.

Nanyi mnaowangoja watu wenu, mliokuja hapa leo kunisikiliza mmetakata hivi, niambieni: ile alama ambayo wangewatambua kwayo mmeijaza nini?