Mduara wa Mawe Nyuma ya Sakristia

Sogeeni karibu, na aliyekuja kuchekeshwa leo namwomba radhi mapema. Hadithi hii nimetembea nayo muda mrefu na sijapata wa kuimalizia. Nitawapa watu watatu, nitawaeleza walichofanya, kisha nitanyamaza. Kazi itakuwa yenu.

Katika Parokia ya Mtandasi, huko juu milimani ambako mibuni imepandwa hadi karibu na mlango wa kanisa, waliishi watu watatu wenye vipaji.

Wa kwanza ni Osmunda, mjane, mfuaji wa vitambaa vya altare. Kipaji chake kilikuwa mikononi. Akigusa kitambaa tu, alikuambia kama kimefuta divai, jasho au machozi, na kama ni machozi, alijua ni ya uchungu au ya moshi wa ubani.

Wa pili ni Ditram, mwalimu wa kwaya. Kipaji chake kilikuwa masikioni. Waimbaji arobaini wakiimba kwa pamoja, alimjua aliyesahau maneno na anababaisha midomo. Hata ukikohoa nje ya kanisa alijua ni wewe, kwa hiyo wachelewaji hawakumpenda sana.

Wa tatu ni Padre Gerwin, paroko msaidizi, kijana aliyetoka seminari juzi juzi. Kipaji chake kilikuwa kinywani, nacho ni kipaji cha kukifunga. Ukimwambia Gerwin siri, umeitia kaburini.

Na hapo katikati yao alikuwepo Winfrida. Osmunda alimzaa, wala hakuwa na mtoto mwingine. Ditram alikuwa amekwisha kumposa. Gerwin hakuwahi kumwona akiwa hai. Winfrida alipika katika nyumba ya mapadre, na paroko wa nyumba hiyo aliitwa Padre Ladislaus.

Huyu Padre Ladislaus alikuja Mtandasi ghafla, katikati ya Kwaresima, na barua kutoka juu ilisema tu kwamba anahitaji hewa ya milimani. Parokia aliyotoka, nayo iliwahi kuambiwa anahitaji hewa ya ziwani. Watu wazima hatukuuliza mtu huyu ana mapafu ya namna gani. Alikuwa mkali juu ya usafi wa moyo. Msichana akipata mimba nje ya ndoa, alimhamishia benchi la nyuma mbele ya waumini wote, ili kila mtu amwone. Kuhusu wanaume waliowapa mimba hakuwa na swali lolote.

Jumapili moja mchana Winfrida alirudi nyumbani, akakaa jikoni kwa mama yake bila hata kuvua viatu.

"Mama, sitaki kurudi pale."

"Kazi imekuwa nzito?"

"Si kazi. Ni Padre."

Osmunda alimshika mwanawe mkono wa gauni, kama mama yeyote angefanya. Hapo mikono yake ikamwambia. Ikamwambia yote, tangu siku ya kwanza mpaka siku ile, na kwamba tumboni kulikuwa na mtoto. Osmunda akaivuta mikono yake akaipangusa kwenye khanga, akaipangusa tena, kama mtu aliyeshika kaa la moto.

"Padre ni mtu wa Mungu, mwanangu. Ukianza kumsingizia, mimi nitapita wapi?"

Akamchukua binti yake, akamrudisha mwenyewe hadi mlangoni. Padre Ladislaus akawapokea kwa "Tumsifu Yesu Kristu," na Osmunda akaitikia "Milele na milele, amina," akageuka kwenda zake.

Jumamosi iliyofuata, alasiri, kwaya ilikuwa ikifanya mazoezi kanisani. Nyuma ya kanisa kulikuwa na jiko la mapadre. Katikati ya wimbo Ditram alisikia sauti nyembamba ikisema, "Maji." Aliijua. Angeijua hata usingizini. Akainua mkono ili kwaya inyamaze, na papo hapo Padre Ladislaus akaingia kwa mlango wa pembeni, uso wake mkavu.

"Mwalimu, leo sauti zenu ziko chini. Imbeni kwa nguvu. Anayeumwa huko ndani anapenda nyimbo."

Ditram alimtazama. Wiki ile Winfrida alikuwa amemkwepa mara mbili, naye alikuwa na kinyongo. Tena huyu alikuwa paroko, ndiye angewafungisha ndoa. Akashusha mkono, kwaya ikaimba. Waliimba beti zote tatu, wakarudia. Walipomaliza, Ditram alitega masikio, na jikoni kulikuwa kimya.

Jumapili, baada ya matangazo, Padre Ladislaus aliwaambia waumini kwamba Winfrida ameitikia wito, ameondoka alfajiri kwenda kwa masista wa ng'ambo, wale ambao hawatoki ndani wala hawaandiki barua. Kanisa zima likapiga vigelegele. Akina mama walimvika Osmunda kitenge kipya, na kuanzia siku ile akapewa kiti cha mbele. Alilia kwa furaha. Alitaka sana iwe kweli, basi akaifanya iwe kweli.

Siku hiyohiyo Padre akasema sanamu ya Bikira imeanguka na kuvunjika, na kwa kuwa ilibarikiwa haiwezi kutupwa jalalani. Itazikwa kwenye mduara wa mawe nyuma ya sakristia.

Niwaeleze mduara huo, kwa wasiojua. Vitambaa vya altare hubaki na chembe za Ekaristi, kwa hiyo maji yake ya kwanza hayamwagwi mtaroni. Humwagwa kwenye udongo uliotengwa, usiokanyagwa wala kulimwa na mtu. Pale Mtandasi ulizungushiwa mawe. Ukitaka kuficha kitu kwa Wakatoliki, kiweke mahali wanapopiga magoti. Padre Ladislaus alilijua hilo. Waumini walifika udongo ukiwa umeshafukiwa na saruji imeshamwagwa juu, naye akawaongoza kusali rozari, na aliyeshika mshumaa alikuwa Osmunda.

Miaka mitatu ikapita. Kila Jumamosi asubuhi Osmunda alifua, na kila Jumamosi alimwaga maji ya kwanza ndani ya mduara, yakanywea kandokando ya saruji. Alizoea kumwombea Winfrida hapohapo, maana palikuwa pametulia.

Sasa sikilizeni jinsi kila mmoja alivyotoa alichonacho.

Mikono ya Osmunda ndiyo iliyoanza. Jumamosi moja alipomwaga maji, udongo uliyameza kwa sauti, gubu, gubu, kama koo la mtu. Akapiga magoti, akaugusa ule udongo. Ulikuwa na joto. Na mikono yake, ile iliyomfahamu Winfrida kabla hajafumbua macho, ikamwambia huu si udongo, hizi ni nywele. Bila mikono hiyo, hakuna ambaye angejua kwamba chini ya mduara kuna kitu.

Masikio ya Ditram yakafuata. Osmunda alimwita, akamwonyesha kwa kidole tu. Ditram akalala kifudifudi, sikio chini. Kutoka huko chini sauti ilisema, "Ongezeni." Alikaa vile muda mrefu. Alipoinuka, nusu ya uso wake ilikuwa na tope na nusu nyingine imelowa.

"Nani?" Osmunda aliuliza, ingawa alijua.

"Ni mwenyewe, mama. Ni Winfrida."

Bila masikio hayo, ingebaki kuwa sauti ya mzimu, na watu wangeinyunyizia maji ya baraka wakaenda zao.

Lakini saruji ilikuwa nene, na mahali pale palikuwa patakatifu. Hakuna muumini wa Mtandasi ambaye angethubutu kupapiga jembe. Hapo ndipo tunapomhitaji Gerwin.

Gerwin alikuwa na mwaka mmoja tu parokiani. Wiki yake ya kwanza waliadhimisha misa pamoja na Padre Ladislaus. Alipokunywa divai kwenye kalisi, kinywa chake kikajaa udongo, udongo mbichi wenye mchanga. Akageuka kumtazama mwenzake. Padre Ladislaus alikuwa akitafuna polepole, mchanga ukilia menoni, huku akiwatabasamia waumini. Alikuwa amefanya hivyo kila siku kwa miaka miwili, akimeza, na hakuna aliyemwona akikunja uso.

Baada ya misa akamwambia Gerwin, "Padre mwenzangu, nataka kuungama."

Akapiga magoti akaungama yote. Mimba. Dawa aliyomnywesha ili itoke. Damu. Jinsi binti alivyoomba maji, kisha akaomba mama yake, na zahanati ya masista iko hatua mia tu, naye hakumwita mtu kwa sababu wangeuliza. Aliyasema kwa sauti ya mtu anayesoma matangazo. Alipomaliza alisimama akapangusa magoti.

"Sasa na wewe unayo," akasema.

Hakuungama kwa majuto. Aliungama ili amfunge mwenzake kinywa, maana padre anayetoa siri ya kitubio, hata kwa ishara ya jicho, hukatwa asiwe tena padre wala muumini. Gerwin akafunga kinywa. Mwaka mzima alikula na yule mtu meza moja, akampitishia chumvi, na kila asubuhi alimwona Osmunda akikaa kiti cha mbele.

Jumamosi ile, saa sita mchana, Padre Ladislaus alikuwa amekwenda kusalisha misa kigangoni, kwenye kanisa dogo la mbali. Gerwin alitoka sakristia akawakuta Osmunda na Ditram wamepiga magoti mawe yakiwa mbele yao.

"Padre," Osmunda akamwambia, "wewe ni mtoto kwangu. Niambie. Kuna nini hapa chini?"

Hakujibu. Akamwuliza mara ya pili, hakujibu. Mara ya tatu Gerwin alivua kola yake, akaiweka juu ya ukuta, akaenda stoo akarudi na sururu. Alipiga saruji mpaka ikapasuka, akilia kwa kila pigo, kwa sababu alijua pigo lile ni ishara tosha, na kwamba amejikata mwenyewe.

Walimfikia. Alikuwa amelala na aproni yake ya jikoni, ngozi yake bado nzima, nywele zimelowa. Maji ya altare ya miaka mitatu yalikuwa yamemtunza. Mdomo tu ndio uliokuwa umepasuka kwa kiu. Hakukuwa na sanamu yoyote. Osmunda akamwagia midomo ile maji yaliyobaki, na Winfrida, macho yamefumbwa, akasema:

"Nimebakiza neno moja la kuagana. Ni la mtu mmoja. Wawili wakilisikia litapotea, nami nitarudi chini na kiu yangu. Amueni nani. Wengine wazibe masikio."

Mwanzoni waligombana, na siwalaumu.

"Nimemzaa," alisema Osmunda. "Ni mimi niliyemgundua, na maji yaliyomtunza ni yangu. Nyie mtapata wengine wa kuwapenda. Mimi nitampata wapi?"

"Nimemtambua," alisema Ditram. "Bila mimi angebaki sauti isiyo na jina. Miaka mitatu mabinti wa kuoa wapo, nami sijamtazama hata mmoja."

Gerwin alisita. "Mimi simjui," akasema. "Lakini nyie mmetoa mlichonacho na bado mnacho. Mimi nilikuwa na kitu kimoja tu tangu utotoni, na nimekivunja kwa ajili yake. Kesho sitakuwa na kanisa la kuingia. Nikipata neno moja lake, nitajua nimekivunja kwa haki."

Kisha wote watatu wakaitazama ile midomo iliyopasuka.

Osmunda akaitazama mikono yake. "Alikuja kwangu," akasema. "Niligusa gauni lake nikajua. Nikamrudisha mwenyewe, kwa mikono hii."

Ditram akasema, "Aliomba maji. Nilisikia. Nikawaambia waimbe."

Gerwin akasema, "Mwaka mzima, mama. Ulikuwa unaniletea mayai, nami nilijua."

Hakuna aliyemfariji mwenzake. Osmunda, ambaye kila kiungo cha mwili wake kilikuwa kikimtaka mtoto wake, aliinua mikono taratibu akaziba masikio. Moyoni alisema, apewe kijana, mimi sistahili. Lakini Ditram naye alikuwa ameziba yake, akimwachia mama. Na Gerwin alikuwa ameziba yake, akiwaachia wenyewe. Wote watatu wakafumba macho, kila mmoja akiamini kuna mwingine anayesikiliza.

Nanyi mnaona wasichokiona. Misa ya kigango imeisha mapema. Padre Ladislaus ameshaingia getini, ameona saruji iliyovunjika, na anakuja kwa haraka huku akivaa shingoni stola, ule utepe wa kipadre, kwa maana anayekufa, atasema, neno lake la mwisho ni haki ya padre. Yeye peke yake, kati ya wote walio pale, masikio yake yako wazi.

Midomo ya Winfrida imeanza kutikisika.

Una nafasi ya kumgusa bega mmoja tu, ashushe mikono yake. Mama aliyemrudisha, mchumba aliyewaimbisha, au padre aliyenyamaza. Wote walimtoa ardhini, na wote walimwacha. Usiniambie ungewagusa wote, umesikia alivyosema. Na usikae sana kufikiri, maana viatu vya yule bwana vinakaribia mawe, na ukichelewa neno litakuwa lake.

Je, wewe ungemgusa nani?