Chui Kwenye Daftari la Mahudhurio

— Nina neno mdomoni!
— Litue!
— Lina kucha!
— Litue hivyo hivyo, tutajikunja!
— Nikiongopa?
— Ongopa vizuri!

Basi hapo kale, wala si kale sana, bonde zima liliingiwa na upele. Asubuhi kwaru kwaru, jioni kwaru kwaru. Wakubwa wakakaa, wakajikuna, wakaamua: shule ifungwe, kila mtoto asomee kwao. Wazazi wakauliza, "Atasomaje?" Wakajibiwa, "Atasoma." Wakubwa wakishajibu hivyo, wamemaliza kazi.

Mwalimu alikuwa Hondohondo. Akapanda kileleni mwa mkuyu mrefu kuliko yote, akawa anapaza masomo kutoka huko. Hoo! Hoo! Mbili mara mbili! Na watoto, kila mmoja kwao, vichakani, mashimoni, kando ya mto, wakajibu: Nne!

Mama Pimbi alikuwa na binti mmoja tu, Kiduchu. Waliishi ndani ya ufa wa jabali, ufa mwembamba, hata pimbi hupita kwa kujibana. Na humo ndani sauti ya mwalimu haikamati. Unasikia "hh… ra… tu," basi. Ili asome, Kiduchu ilibidi apande juu kabisa ya jabali, peupe, kama muhogo ulioanikwa.

Mama naye ilibidi atafute majani, maana mtoto hashibi hesabu. Akang'oa jani moja, akatazama juu: yupo. Akang'oa la pili, akatazama juu: yupo. Shingo ikamkaza kwa kutazama.

Kabla ya somo, mahudhurio. Mwalimu anaita, mtoto anaitika.

"Digidigi!"
"Nipo, mwalimu!" Sauti kutoka kwenye miiba.
"Kanga!"
"Nipo, mwalimu!" Sauti kutoka nyasini.
"Kiduchu!"
"Nipo, mwalimu!" Sauti kutoka juu ya jabali.

Na Chui? Chui alikuwa amelala tumbo chini, sikio moja limesimama. Akajilamba. "Lahaula! Miaka yote nanusa, nanusa, pua imechakaa. Leo nasomewa majina, na anwani juu!"

Kesho yake mwalimu akaita, "Digidigi!"
Kimya.
"Digidigi hayupo. Utoro!"

Keshokutwa akaita, "Kanga!"
Kimya.
"Kanga hayupo. Utoro!"

Utoro! Mama yake Digidigi alikuwa bado anazunguka miibani akiita jina la mwanawe, na juu kule mtoto anaandikwa mtoro. Mama Pimbi aliposikia neno hilo, jani likamwanguka mdomoni. Akatimua mbio, tibi tibi tibi, hadi chini ya mkuyu.

"Shikamoo, mwalimu."
"Marahaba, Mama Kiduchu. Simama mbali, upele."
"Mwalimu, Chui anasikiliza mahudhurio."
"Mahudhurio ni ya wanafunzi tu."
"Masikio ya Chui hayajaambiwa hivyo."
"Mama, utaratibu ni utaratibu. Asiyeitika mara tatu, jina linafutwa. Likifutwa, hapandi darasa."
"Basi niitike mimi badala yake, niko shimoni…"
"Mzazi haitiki. Kazi ya mzazi ni kusimamia."
"Na wewe mwalimu, Chui akija?"
Hondohondo akajinyoosha. "Mimi nina mabawa, mama."

Mama Pimbi akarudi. Njiani akapiga hesabu. Mtoto akiitika, Chui anajua alipo. Asipoitika, anafutwa. Akiitika, analiwa. Asipoitika, anabaki mjinga. Akafika kwenye njia panda, akasimama, akawaza. Kisha badala ya kwenda kwake, akaenda kwa Chui.

"Hodi, mzee!" Akabisha akiwa mdomoni mwa kijitundu jirani na kwa Chui, makalio ndani, pua nje.
"Karibu, kitoweo."
"Shikamoo, mzee."
"Marahaba. Sogea, sikusikii."
"Nasikitika, mzee, upele. Nimekuja kukupa pole. Jina lako halimo."
"Halimo wapi?"
"Kwenye daftari. Siku ya kufunga muhula kuna karamu. Watoto wote, mama zao wote, uwanja mmoja. Lango ni moja, na langoni wanasoma daftari. Asiye na jina hapiti."

Chui akameza mate, glu. "Wote? Uwanja mmoja?"
"Wote. Na mimi nimo, na miye sijakonda."
"Niandikishe!"
"Kuna sharti. Ukiitwa, unaitika kwa sauti. Usipoitika mara tatu, umefutwa."
"Kuitika tu? Nitaitika hadi majani yapukutike!"

Mama Pimbi akarudi kwa mwalimu. "Nimekuletea mwanafunzi mpya. Ila mwite wa kwanza. Ni mkubwa, na mkubwa hutangulia."
Hondohondo akafurahi, maana shule ilikuwa inapungukiwa na wanafunzi na hakuna aliyeuliza kwa nini. Akamwandika.

Siku hiyo: "Chui!"
"NIPO, MWALIMU!" Sauti kutoka mtoni. Watoto wa mtoni, chubwi, majini.

Kesho yake: "Chui!"
"NIPO, MWALIMU!" Sauti kutoka nyasini. Watoto wa nyasini, chwaa, mashimoni.

Siku ya tatu: "Chui!"
"Nipo, mwalimu." Sauti kutoka bondeni, imepungua, tumbo likiunguruma nyuma yake. Watoto wakacheka. Mama Pimbi hakucheka. Chui mwenye njaa si mjinga siku zote.

Siku ya nne: "Chui!"
Kimya.

Bonde zima likaganda. Kwanza hawakujua mnyama yuko wapi kwa sababu hawakuuliza. Sasa wameuliza, na hajibu.
"Chui hayupo. Mara ya kwanza," akasema mwalimu.

Siku ya tano, kimya. Mara ya pili. Mama Pimbi hakwenda kutafuta majani. Alikaa juu ya jabali kando ya bintiye, njaa inamkata, macho yanageuka kulia, kushoto, nyuma.

Siku ya sita: "Chui!"
Kimya. Hata upepo hakuna.

"Kiduchu, shuka ndani."
"Mama, sijaitwa bado!"
"Shuka, nakwambia."
"Nikishuka sisikii! Mama, leo jaribio, nitafutwa!"
"Kiduchu!"
"Subiri kidogo tu, mama, jamani!"

Kule juu mwalimu akachovya ubawa wake kwenye wino. "Chui. Mara ya tatu. Nafuta jina la…"

Chui akaona lango akilini. Akaona karamu, minofu yote inatembea kwa miguu yake, na yeye nje. Akasahau alikotambaa tangu alfajiri, akasahau aliyekuwa mbele ya pua yake.

"NIPO, MWALIMU!"

Nyuma yao! Karibu hivi kwamba pumzi yake ililaza manyoya ya mama. Mama Pimbi akamdaka mtoto ukosini, pyuu, ufani. Chui akaruka, kichwa ndani, kwaa! Mabega yakagoma. Hatoki, haingii.

"Vizuri, Chui, usichelewe tena," akasema mwalimu. "Tano mara saba?"
"Mmmh! Mmmh!"
"Fungua mdomo, mwanafunzi!"

Mama Pimbi akamsaidia kuufungua: alimng'ata pua. Akang'ata, akang'ata, mpaka Chui akajichomoa, masharubu yamebaki kwenye jiwe, akakimbia akavuka mlima, na bondeni hakuonekana tena.

Ndani ya ufa, giza, Kiduchu anauliza. "Mama, nimeitwa?"
"Sijui, mwanangu."
"Mama, kama nimeitwa?"
Mama alikuwa anamhesabu vidole, miguu yote minne, kisha anaanza upya.

Ameitwa, ndiyo. Muhula ulipofungwa, daftari likasomwa. Digidigi: mtoro, amefutwa. Kanga: mtoro, amefutwa. Kiduchu: hakuitika siku ya jaribio, arudie darasa. Chui: nidhamu njema, apande.

Ngano yangu nimeitua, kucha zake ni zenu wenyewe. Aliyechubuka asinidai dawa. Na funzo lake, watoto, lisikieni mlishike: mtoto mwema akiitwa huitika upesi, tena kwa sauti ya juu, ili kila mtu ajue alipo.