Kiroboto Aliyeonja Moshi Katika Damu

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa na nini?
Na kamasi!
Za nani?
Za kila mwenye pua!

Basi tulieni. Na wewe uliye nyuma, penga kwanza.

Hapo kale, mvua za masika zilipokolea, mafua yaliingia porini. Chafya huku, chafya kule. Wanyama wa pori lile walikuwa na kasoro moja: mtu akipiga chafya tu, mbio kutafuna gome chungu la mti wa dawa. Kuyapa mafua gome ni kumpigia mbuzi gitaa, lakini nani atasikia? Walitafuna mpaka mti ukabaki uchi. Likasalia furushi moja tu, na Fisi akalikalia pangoni mwake, maana naye alikuwa na mafua.

Kiroboto alikuwa akiishi kwenye manyoya ya tumbo la Bi Nungunungu. Nyumba nzuri, ina joto, na chakula humo humo. Bi Nungunungu naye akaugua. Akikohoa, koho! koho! miiba nayo chakacha! chakacha! Siku ya nne Kiroboto akauma apate kifungua kinywa. Akatema.

"Ala! Moshi!"

Bibi yake mzaa mama alikuwa amemfundisha. Mafua yakiwa peke yake, damu ina ladha yake ya kila siku. Lakini mafua huacha mlango wazi, na wadudu wengine wabaya hupenya nyuma yake. Hapo ini huwasha moto kuita walinzi, na damu hunuka moshi. Wadudu hao ndio wanaoogopa gome.

"Bibi wa watu atakufa, na nyumba yangu itakufa naye," Kiroboto akasema, machozi yakamtoka. Alimpenda sana yule bibi. Alipenda na kula.

Chupu! chupu! chupu! mpaka kwa Fisi.

"Shikamoo, Mzee Fisi."

"Marahaba. Nani huyo? Simwoni."

"Ni mimi Kiroboto, nipo hapa puani pako. Naomba gome la Bi Nungunungu. Amezidiwa."

"Sitoi! Mimi pia mgonjwa. Ha... ha... chaaa!"

Chafya ikamrusha Kiroboto mpaka sikioni. Huko huko akauma, akaonja. Moshi hakuna.

"Pole, Mzee. Wewe una mafua matupu."

"Matupu?" Fisi hakulipenda neno hilo. "Na huyo bibi ana nini?"

"Mafua na moshi. Ini lake limewasha moto."

Mate yakamtoka Fisi, do! do! do!

"Ini? Motoni? Ndani ya tumbo lake mwenyewe, bila hata kuamka kitandani?"

"Ndiyo, Mzee."

"Yeye ini la kuchoma, mimi matupu! Nataka na mimi!"

"Haiwezekani, Mzee. Gome huzima moto huo. Na wewe umelikalia."

Fisi akaruka kama aliyekalia siafu. "Litoke! Litoke leo hii!"

Akalibeba mwenyewe mpaka kwa Bi Nungunungu, akasimama mlangoni kuhakikisha halirudi. "Tafuna! Meza! Fungua mdomo nione!" Asubuhi tafuna, jioni tafuna, siku tano, hata kipande kisibaki. Na kila siku Kiroboto akaruka, akauma, akaonja. Moshi mwingi. Moshi kidogo. Moshi hakuna! Akalia tena, safari hii kwa furaha.

Bi Nungunungu akaamka, akajinyoosha. Ndipo akahisi kitu kinamwasha tumboni. Alipokuwa hoi hakuwa na nguvu ya kujikuna, sasa anazo. Kwaru! kwaru! kwaru! Kiroboto huyoo, hewani, akaangukia shingoni mwa Fisi. Mafua ya Fisi yalikuwa yamekwisha yenyewe, naye alikuwa amekaa pale mlangoni akinusa tumbo lake mwenyewe.

"We Kiroboto! Ini langu limeiva?"

Kiroboto akatazama mlango wa Bi Nungunungu, ukafungwa. Akapumua. Akauma, akaonja.

"Bado kidogo, Mzee. Vumilia."

Anaishi hapo mpaka leo, na kila asubuhi Fisi anauliza.

Fundisho, wanangu: ulafi ni tabia njema, huponya majirani. Na blanketi lako usilifue kamwe, hujui ni daktari gani amelala humo.

Ngano yangu imefika mlangoni, nami naifungia. Aliyecheka, apone; aliyenuna, ajikune.