Mgeni Rasmi Asiyepiga Makofi Ovyo

Paukwa!

"Pakawa."

Hiyo ndiyo pakawa yenu? Na mmekula mkashiba? Haya, tena. Paukwa!

"Pakawa!"

Hapo sawa. Zamani za wanyama kuwa na kamati, kulikuwa na tamasha huko Mlimbo. Walipika sufuria kubwa la pilau, na kabla ya pilau walisikiliza muziki wa kale, ule wa udi na fidla na ganuni, usio na mwimbaji wala mchezaji. Unakaa, unanyamaza, unasikiliza. Basi.

Kila mwaka Fisi alikuja bila kualikwa, akala pilau lote. Mwaka ule kamati ikasema, tumfanye mgeni rasmi, labda ataona haya. Wakamwekea sofa mbele, kitambaa cha kufuma mgongoni, meza na chupa ya maji. Fisi akaja na tai shingoni. Haya hakuja nayo.

Pimbi, mpanga viti, ndiye aliyepewa kazi ya kumhudumia. Fisi akakaa, akamwekea guu mgongoni kama kistuli.

"Wewe dogo," akasema, "muziki ukiisha tu, nakula."

"Karibu sana, mheshimiwa. Pilau lipo."

"Pilau baadaye. Naanza na wewe."

Pimbi akacheka, akidhani ni utani. Fisi hakucheka. Maskini Pimbi! Akaogopa vibaya sana, na angekimbia, lakini lile guu lilikuwa zito.

Korongo, kiongozi wa bendi, akainua kifimbo. Kanga akavuta fidla, nyiii-nyiii. Nungunungu akadonoa nyuzi za ganuni, tiriri-tiriri. Chura akapiga udi, dung-dung. Na tumbo la Fisi, nguruuu.

Nyiii-nyiii, tiriri-tiriri, dung-dung, nguruuu. Halafu kimya.

Fisi akaruka. Pwa, pwa, pwa, akapiga makofi peke yake. "Umeisha," akasema, akamshika Pimbi sikio.

Hakuna mwingine aliyepiga. Wote wakamtazama. Twiga, aliyewahi kukaa mjini, akakohoa kidogo na kugeuza uso.

Hapo Pimbi akaona pa kupenya. Akanong'ona, "Mheshimiwa, umepiga makofi katikati."

"Kwani haujaisha?"

"Umepumua tu. Muziki huu hupumua. Wenye kuujua hutulia. Akipiga mtu makofi hapo, basi wote wanajua huyu katoka porini jana."

Fisi akaachia sikio. Akakaa, akarekebisha tai.

"Nilikuwa naua mbu," akasema kwa sauti, wote wasikie.

Muziki ukaendelea. Pimbi akamkonyeza Chura, akamwonyesha njia ya kilimani kwa macho. Chura si mjinga. Akakumbatia udi wake, akainuka, akaenda zake.

"Umeisha?" akauliza Fisi.

"Bado, mheshimiwa. Hiyo ni sehemu ya udi kuondoka."

"Naijua," akasema Fisi.

Nyiii-nyiii, tiriri-tiriri, nguruuu. Nungunungu akabeba ganuni yake, akainuka, akaenda zake.

"Umeisha?"

"Bado, mheshimiwa. Hiyo ni sehemu ya ganuni kuondoka."

"Naijua. Naipenda kuliko zote."

Nyiii-nyiii, nguruuu. Kanga akaitia fidla kwapani, akainuka, akaenda zake. Korongo akabaki anapunga kifimbo hewani, hana wa kumpungia. Naye akakibana chini ya bawa, akaenda zake.

Fisi akauliza polepole, "Na sasa?"

"Sasa ndipo penyewe, mheshimiwa. Kimya. Hapa ndipo mshamba huinuka."

Fisi akajikaza asiinuke. Akasikiliza kimya kwa nguvu zote, jasho likimtoka. Nyuma yake Twiga na wenzake wakanyata na viti vyao, wawili wakisaidiana kubeba sufuria.

"Hao wanakwenda wapi?"

"Kusikiliza kwa mbali. Wao wamekalia plastiki, mheshimiwa. Kimya chote ni cha mwenye sofa."

"Ndivyo inavyotakiwa," akasema Fisi. "Na wewe?"

"Mimi niko chini ya guu lako, na hilo ndilo tatizo. Kimya huingilia kwenye nyayo. Lazima miguu yote iguse chini, la sivyo unasikia nusu."

Fisi hakutaka nusu ya kitu chochote tangu azaliwe. Akashusha guu. Pimbi akajipangusa mgongo, akaaga kwa adabu, akaondoka kwa hatua ndogo ndogo. Alipofika kichakani akatoka mbio, akiwapita hata wabeba sufuria.

Huko nyuma ya kilima wakapakua. Mwanakamati mmoja akalia kwa furaha, maana miaka yote alikuwa hajui pilau la Mlimbo lina ladha gani. Pimbi akapewa ukoko, na nyama juu yake. Vijiko vikagonga sahani, kwa-kwa-kwa.

Mara wakasikia sauti ya Fisi kutoka uwanjani, ya mtu aliyeudhika kweli.

"Nyamazeni huko! Mnaniharibia muziki!"

Wakatazamana. Wakaweka vijiko chini, wakala kwa mikono.

Mpaka asubuhi Fisi alikuwa bado yuko juu ya sofa, miguu yote chini, tai shingoni, tumbo likinguruma, na kila likinguruma anajipiga kofi dogo la kulinyamazisha.

Basi, wanangu, funzo ni hili. Ukienda kwenye muziki, tulia mpaka mwisho kama mheshimiwa Fisi. Usiwe mtoro kama Pimbi, aliyeondoka mapema akakosa sehemu nzuri kuliko zote. Nasema hivi kwa sababu kamati imeniambia niseme.

Ngano yangu naiacha hapo, mwenye mdomo na aichukue. Na ninyi msipige makofi kwanza. Tazameni jirani anafanya nini.