Kulifungua Robota

Baba mmoja wa Kabalo, aliyeitwa Ngoy Célestin, alikuwa na wana wawili, na wote wawili walipakua mabehewa stesheni. Mkubwa aliitwa Kyungu Évariste, mdogo Numbi Gaspard. Wapagazi wa pale wana desturi yao: robota la nguo lisilobebeka haliburuzwi, maana litapasuka. Hulifungua behewani, huvusha vitambaa fungu kwa fungu, kisha hulifunga upya ghalani, na mwenyewe hulikuta kamili kama lilivyotumwa. Kyungu aliidharau desturi hiyo. Alijitwika robota zima, na watu wakamshangilia.

Ikawa Numbi ameumia bega, na daktari akamkataza mizigo. Ilibaki kazi moja tu ya kumfaa, nayo ni ya msomaji wa ghala, anayewasomea wapagazi maagizo ya Kifaransa. Akiikosa, atarudi kijijini na mke na watoto, waishi kwa jasho la mzee Ngoy. Kyungu naye aliitaka kazi hiyo, kwa ajili ya heshima.

Numbi alijifunza kusoma Kifaransa mbele ya nyumba yake, akigonga goti kwa vidole, kila pigo kipande kimoja cha neno. Wapagazi waliopita walimcheka.

"Gaspard, unatwanga majani ya sombe bila kinu?"

Siku ya majaribio mkuu wa stesheni aliwapa karatasi moja, wasome mbele ya wote. Kyungu alianza kwa mbio, kama alivyosikia wakubwa wa stesheni wakisema Kifaransa. Akafika kwenye neno *approvisionnement*, yaani kuleta mahitaji, akalirukia lote kwa pamoja, akalimeza katikati. Akarudia kwa mbio zaidi, akakwama palepale. Akairudisha karatasi.

Numbi alipofika kwenye neno hilo alisimama. Ap. Pro. Vi. Sion. Ne. Ment. Kila kipande kilitoka peke yake, na watu wakaangua kicheko.

"Mdogo wetu, treni itatuacha!"

Mkuu wa stesheni alinyoosha mkono aichukue karatasi. Numbi hakuitoa.

"Nimelifungua tu, Bwana Mkuu," alisema. "Niruhusu nilifunge."

Akalitamka tena, sasa kwa pumzi moja, wala hapakukosekana kitu. Kicheko kikakoma. Akaendelea hadi mwisho wa karatasi, na kazi ikawa yake.

Numbi anastahili sifa. Lakini mimi namsifu zaidi Kyungu, mwenye nguvu, aliyeshindwa mbele ya watu waliozoea kumshangilia. Jioni ile alikwenda kwa mdogo wake, akaketi mkekani, akaweka vidole vyake vinene juu ya goti, akaomba aanze kufundishwa kwa neno fupi.

Nanyi watu wazima mnaonisikiliza, ni neno gani mlilolimeza katikati tangu ujana wenu, na hadi leo mnaona haya kulianza upya?