Bi Ngiri Atafuta Mwalimu wa Kuuza

Mwaka ule mvua iligoma kabisa. Bi Ngiri hakukosa chakula chake mwenyewe, maana pua yake ilijua kuchimbua viazi vikuu hata kwenye ardhi iliyokauka kama kigae. Shida yake ilikuwa mtama. Wanawe wanne waliugua tumbo, na hawakuweza kula chochote isipokuwa uji. Kila asubuhi alibeba kapu la viazi hadi sokoni ili abadilishane na mtama, na kila jioni alirudi nalo likiwa bado limejaa. Alikuwa na haya. Mteja akisimama, yeye alijikunyata nyuma ya kapu.

"Natafuta mtu wa kunifundisha kuuza," aliwaambia majirani.

Habari zikamfikia Sungura mjanja, naye akaja mbio.

"Dada, bahati imekufuata yenyewe," alisema. "Mimi ndiye niliyewafundisha Chui na Twiga. Nipe makapu matatu leo, na keshokutwa wateja watakupangia foleni."

Bi Ngiri akaenda kwanza kwa Bi Kanga, ndege mpole mwenye manyoya ya madoadoa, aliyeuza kunde pale sokoni na kumaliza mzigo wake kila siku.

"Hao Chui na Twiga umewauliza?" Bi Kanga alisema.

"Sijawauliza."

"Chui hajauza kitu tangu azaliwe. Na Twiga, nani amewahi kumsikia akizungumza? Mwambie Sungura auze kapu moja wewe ukitazama. Ukiipenda kazi yake, mlipe."

Sungura hakupata njia ya kukataa. Kesho yake alisimama kando ya kapu, na mara akapita Simba mwenye majivuno, kidevu juu, Nyani akimfuata na gunia la mtama.

"Mfalme," Sungura aliita, "manyoya ya shingo yako yanapendeza, ila jua limeyafifisha kidogo. Ukila viazi hivi saba, kesho yatakuwa meusi tititi."

Simba hakuwahi kuonja kiazi maishani. Alivila vyote saba akikunja uso, akaacha gunia zima, akaondoka.

"Umeona?" Sungura alisema. "Sasa lete makapu yangu."

"Kesho yasipokuwa meusi?"

"Kesho mimi sitakuwepo hapa."

"Mimi nitakuwepo," Bi Ngiri alisema. "Hili ndilo soko langu."

Alilitazama gunia, akawawaza wanawe, akatamani kunyamaza. Kisha akalibeba, akamkimbilia Simba.

"Mfalme, umedanganywa. Viazi vyangu vinashibisha tu. Manyoya haviyagusi."

Simba alisimama, akaligeukia gunia lake.

"Kwa hiyo nimekula saba bure?"

"Ndiyo, Mfalme. Samahani."

"Chukua mtama wa viazi saba, mama," Simba alisema, "kisha unionyeshe alipo huyo Sungura."

Mtama ule ulitosha uji wa siku mbili. Siku ya tatu Bi Kanga alianza kumfundisha Bi Ngiri, naye hakutaka malipo mpaka mwanafunzi wake auze.

"Usianze kwa kusifia kiazi," alimwambia. "Muulize mteja anachohitaji, halafu msikilize."

Akaja Tembo mzee. Bi Ngiri akavuta pumzi. "Shikamoo, babu. Unatafuta kiazi cha namna gani?"

"Marahaba. Meno yangu yamekwisha, mjukuu wangu. Nataka kilicho laini."

Akamchagulia vilivyo laini, na Tembo akarudi kesho yake pamoja na mkewe. Kabla mwezi haujaisha, watoto walikuwa wamepona, na Bi Kanga alipelekewa kapu lake la ahsante.

Sungura naye alipewa kazi ya kuyachana manyoya ya Simba kila asubuhi, hadharani, mpaka yawe meusi. Wapita njia walimuuliza kama yameanza kubadilika, naye, kwa mara ya kwanza maishani mwake, alisema kweli: "Bado."