Gari la Akina Mama

Nilitaka lile gari refu la mtumba lenye tabo ya kuipa injini nguvu, kwa kuwa buti lake lingemeza magunia yangu yote ya sokoni. Tungaraza, mwenye yadi ya magari, alikuwa ameliwasha nilisikie na ameshakubali bei yangu, mara akafika Evodius, mtoto wa tajiri wa mabasi.

"Mama, sogea," alisema. "Nalipa zaidi. Gari linalonguruma hivi ni la vijana."

Tungaraza akanigeuzia mgongo papo hapo.

Nilijitazama: kanga imepauka, ndala kila mguu na rangi yake, kikapu kinanuka dagaa. Nikacheka.

"Chukua, mwanangu. Kikundi chetu cha akina mama tumeshanunua matano kama hili, rangi hiyohiyo. Tunaongozana nayo kliniki kupeleka watoto. Ukituona barabarani, tupigie honi."

Evodius aliitazama kanga yangu, akalitazama gari.

"Nimekumbuka nina safari," alisema, akaondoka.

"Mama, bei yetu ileile?" Tungaraza aliuliza kwa upole.

"Punguza. Limeshakataliwa."

Nilifika nalo nyumbani likinguruma, wenzangu wa kikundi wakatoka mbio kulishangaa. Mali pekee ya kikundi chetu ni toroli, na gurudumu lake limepasuka tangu Pasaka.